Sura ya Nne: Mguu wa Kushoto

Uvumi ule ulimwingia Koplo Dorotea Maige sikioni pale Igoma, saa nne kasoro robo asubuhi, na kila alipotaka kuutema ulirudi. Bibi Suzana wa Buswelu kaifunga ndege mguu wa kushoto. Ni hayo tu. Aliyemletea alikuwa Tereza, muuza dagaa wa kando ya barabara ya Musoma, ambaye aliinama dirishani mwa Landrova ya polisi bila hata kuulizwa.

"Afande, mnakwenda Magu? Ndege ya fundi Nestory imeanguka, si ndiyo? Sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Kwamba haitashuka salama. Yule bibi mwenye macho mekundu kaifunga mguu wa kushoto. Vijana wanamtafuta sasa hivi. Leo ndiyo mwisho wake."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu hawana majina?"

Tereza akacheka, akajifuta mikono kwenye khanga. "Ee, mama, uvumi una jina? Nimeusikia tangu asubuhi, ndege ilipopita tu hapa juu. Hata dagaa nilikuwa sijawaanika."

Dorotea akatazama saa yake. Ndege iliruka saa mbili na nusu, Igoma nzima ilitoka kuiangalia. Radio ya polisi ilisema imeanguka saa tatu na dakika tano, kwenye uwanja wa mnada kule Magu, watu watatu wamekufa. Radio haikutaja mguu.

"Ilipopita tu? Yaani kabla haijaanguka?"

"Kabla, afande. Si ndiyo nakwambia tulijua?"

Uvumi kwa kawaida hukimbia nyuma ya maiti. Huu ulikuwa umetangulia.

Mwaka ule, tangu mvua za kwanza, Dorotea alikuwa amebeba maiti za vikongwe wanne. Wote walikatwa shingoni, wote kosa lao lilikuwa macho mekundu. Na macho yatakosaje kuwa mekundu, mtu akipikia samadi ya ng'ombe miaka hamsini kwenye kibanda kisicho na dirisha? Akageuka nyuma ya gari, alikoketi Konstebo Okal, mtu wa Mara, mrefu mpaka magoti yake yaligusa kidevu.

"Okal, shuka. Kimbia Buswelu. Mwingize yule bibi ndani, funga mlango, simama mbele yake. Mtu asiingie mpaka nirudi."

"Na wakija na mapanga?"

"Waambie nakuja na aliyefunga mguu."

"Kwani unamjua?"

"Simjui. Kimbia."

*

Uwanja wa mnada ulikuwa umetapakaa viatu. Watu wakikimbia kifo huacha viatu. Katikati ililala ndege ya fundi Nestory, ubavu mmoja juu, bawa la kushoto limekunjika kama mkono wa mtu aliyeulalia vibaya. Ilikuwa ya mabomba ya chuma na turubai, injini ya gari dogo la Kijerumani, kazi ya miaka mitatu kwenye karakana ya Igoma. Zama zile za ruksa kila mtu alileta chake: huyu mitumba, yule video, na fundi Nestory akaamua kuleta ndege. Na si ndege ya kusimama na miguu nje kama kuku. Alitaka ikunje miguu tumboni ikiwa angani, kama korongo.

Otuoma, rubani, alikuwa bado amefungwa mkanda. Usukani ulikuwa umemwingia kifuani. Hatua kumi mbele yake alilala mchoma nyama wa mnadani, na pangaboi la ndege lilikuwa limempita begani, mkono wake uko kwingine. Wa tatu alikuwa mama mmoja aliyekuja kuuza mchele. Mchele wake ulimwagika chini yake ukawa mwekundu, na kuku walikuwa wameshaufikia. Dorotea akawafukuza kuku kwanza. Kisha akavua koti lake la mvua, akamfunika yule mama.

"Nani aliona vizuri?" akauliza.

"Mimi," akasema mzee mmoja mwenye spana mfukoni na damu iliyokauka shatini. "Luhaga. Fundi baiskeli. Damu si yangu, ni ya huyu mchoma nyama, nilimshika akiwa anakufa."

"Shikamoo, mzee. Niambie ulichokiona, usiniambie ulichosikia."

"Marahaba. Ilikuja vizuri, ikazunguka mara mbili. Watu wakapiga makofi, wakaingia uwanjani, wapumbavu, kama inayokuja ni harusi. Mguu wa kulia ukashuka. Wa kushoto ukachungulia hivi, robo, ukabaki. Rubani tulimwona anavuta ule mkono wa chuma wa kushushia miguu, anauvuta kwa mikono miwili. Mafuta sijui yalimwishia, akashuka hivyo hivyo. Ikakanyaga mguu mmoja, bawa likagusa chini, ikazunguka kama pia. Ikawafyeka."

"Fundi Nestory yuko wapi? Ndege yake inashuka mbele ya watu, yeye hayupo?"

"Tulimngoja. Alikuwa aje na gari la asubuhi. Amemtuma mtu kusema tumbo linamuuma."

Dorotea akaandika neno moja kwenye daftari: tumbo.

Kijana mmoja akapenya, ameshika kipande cha mpira mweusi, anakipunga juu. "Afande! Umekatwa huu! Mpira wa mguu umekatwa kwa wembe! Uchawi huu una mkono wa mtu!"

Watu wakaguna, wakasogea. Dorotea akakipokea. Ulikuwa ukanda wa tyubu ya lori, ule ambao fundi aliufunga ili uvute mguu chini. Akaugeuza ukingo wake kwenye jua, akampa mzee Luhaga.

"Wembe?"

Luhaga akaunusa, akauvuta. "Wembe gani wa meno kama haya? Umechanika, afande. Umevutika mpaka ukaweka weupe, ndipo ukakatika, ndege ilipopiga chini." Akamrudishia kijana. "Shika, kafunge manati."

Watu wakacheka, hata pale, hata na maiti tatu chini. Dorotea akawaacha wacheke.

"Mzee, hiki chombo sikijui," akasema. "Lakini naona kina cheni ya baiskeli."

"Zipo mbili. Kulia moja, kushoto moja."

"Basi tuanze kwenye mkono wa rubani, tufuate mpaka kwenye gurudumu, kitu kwa kitu. Tusiruke hata skrubu."

Wakamtoa Otuoma kwanza, maana isingewezekana mtu kuvuta ule mkono bila kumgusa. Wanaume sita wakaiinua ndege, wakaikalisha juu ya magunia ya pamba ili magurudumu yaning'inie. Dorotea akaingia alikokaa marehemu, kiti kikiwa bado na unyevu, akausukuma mkono mbele. Mguu wa kulia ukapanda. Akauvuta nyuma. Ukashuka, goti likanyooka, likajifunga kwa mlio wa komeo. Akarudia mara tano, mara zote tano ukatii. Wa kushoto haukujali, ulining'inia kama mguu wa aliyepooza.

"Komeo la juu la kushoto?"

"Limefunguka, halikukwama," akajibu Luhaga, kichwa kikiwa chini ya bawa.

"Goti?"

"Zima. Nalikunja kwa mkono, linakunjika. Nalinyoosha, linanyooka."

"Cheni?"

Mzee akatoka chini ya bawa taratibu, ameshika ncha mbili za cheni, moja kila mkono.

"Afande, njoo uone ujinga."

Cheni ya kulia ilikuwa nzima, ya kiwandani, haina kiungo. Ya kushoto ilikuwa vipande viwili vilivyoungwa. "Cheni hizi za madukani siku hizi ni fupi," akasema Luhaga, "akaongeza kipande. Ameunga kwa pingili ya klipu, kile kibati cha kubana pini. Mimi naunga hivi kila siku, kwa baiskeli. Klipu ina mgongo na ina mdomo. Unaiweka mgongo utangulie, mdomo ufuate, maana mdomo ukitangulia unakwangua kila unachokutana nacho, mwisho inachomoka. Sasa niambie, baiskeli inakwenda nyuma?"

"Haiendi."

"Hii inakwenda! Kukunja mguu, cheni inakwenda mbele. Kukunjua, inarudi nyuma. Utauelekeza mdomo upande gani ukapona? Akikunja, mgongo unatangulia, safi, mguu unapanda. Akikunjua, mdomo unatangulia. Hapa, ona, umekwangua bomba hili. Mikwaruzo yote iko upande mmoja. Klipu imechomoka, cheni imeachia."

Dorotea akainama. Mikwaruzo ilikuwa mingi, mingine inang'aa, mingine imeshaanza kutu.

"Hii ya kutu si ya leo."

"Si ya leo. Ilishawahi kuchomoka huko nyuma."

"Na hiki nini?" Kwenye tundu la pingili kulikuwa na nyuzi mbili nyeupe, fupi, ncha zake zimeungua.

Mzee Luhaga akamtazama, akamsogelea asisikike. "Uzi wa nyavu. Nailoni. Mtu aliona klipu haikai, akaifunga kwa uzi wa nyavu, akauchoma ncha kwa kiberiti usifumuke. Umekatika kwenye makali ya bomba."

"Akaifunga," akasema Dorotea.

"Ndiyo, kaifunga."

Dorotea akaifungua ile cheni, akaitia mfukoni na uzi wake, akakimbilia Landrova.

*

Kabla hata ya kufika njia ya kuingilia Buswelu waliusikia mwano. Ni yowe la Wasukuma, jembamba, linaloanzia mdomoni mwa mtu mmoja likapokewa boma kwa boma, na likishapigwa mwanaume asiyetoka na silaha huhesabiwa adui. Dereva akakanyaga mafuta bila kuambiwa.

Watu walijaa uwanja wa Bibi Suzana kama mia mbili, mapanga, fimbo, pinde. Nyasi za paa zilikuwa zimeanza kung'olewa upande mmoja. Mlangoni alisimama Okal. Kipaji chake cha uso kilikuwa kimepasuka, damu imemziba jicho, rungu limevunjika naye ameshikilia kipande. Miguuni mwake alilala mtu mmoja anayegumia, ameshika mbavu.

"Umechelewa, mama," akasema Okal. "Mmoja kapitisha panga pale walipong'oa nyasi. Kamkata bibi mkono."

"Yu hai?"

"Anatukana. Yu hai."

Mkubwa wa wale vijana, Mashimba, mtu wa makamo mwenye filimbi shingoni, akajitokeza. Panga lake lilikuwa na damu mbichi. "Afande, pisha. Hii si kazi ya serikali, hii ni ya jadi. Watu watatu wamekufa."

"Kama ni ya jadi, tuifanye kijadi," Dorotea akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Mwano una mwenyewe. Anayeupiga husimama mbele ya wote akasema alichokiona. Au siku hizi mnatoka na mapanga hata mbwa akibweka?"

Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Mashimba akatema mate, lakini hakuweza kupinga. "Ni kweli, una mwenyewe. Mimi niliupokea kwa Tereza wa dagaa."

"Tereza?"

"Mimi!" Tereza akarudi nyuma, ghafla hana kicheko. "Mimi nilisikia kwa Hellen wa uji."

"Hellen?"

Hellen alikuwa na mwiko wa uji bado mkononi. "Nilisikia kwa fundi mwenyewe. Alikuja kunywa uji, ndege ilipokuwa inapita. Hata hakuunywa. Alitazama juu akasema, tumekwisha, yule bibi kaifunga mguu wa kushoto."

Vichwa mia mbili vikageuka. Fundi Nestory alikuwa mstari wa mbele kabisa, na jiwe mkononi. Alikuwa mwembamba, shati limelowa jasho.

"Tumbo limepona, fundi?" akauliza Dorotea.

"Nilimsikia kwa masikio yangu!" Nestory akapaza sauti. "Alisimama pale njiani, ndege inapita, akasema: itashukaje, haina miguu? Si ndiyo kuiapiza huko?"

Kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti ya kikongwe, kavu, yenye hasira: "Nilisema! Niliiona haina miguu! Mtu akiuliza ameroga?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Bibi aliuliza juu ya miguu yote," Dorotea akasema, sasa amemkaribia fundi, hatua mbili tu. "Wewe ulitaja mmoja. Saa mbili na nusu, miguu yote miwili imepanda vizuri, Otuoma yu hai, yule mama wa mchele yu hai, wewe tayari unajua ni wa kushoto. Nani alikwambia?"

"Niliona... ulipanda umepinda."

"Ulipanda vizuri. Cheni yako ilikuwa inavuta mbele. Ubaya wake uko katika kurudi." Akaitoa cheni mfukoni, akaiinua juu ili nyuzi zile mbili nyeupe zionekane. "Bibi huyu hajawahi kuishika ndege yako. Huu uzi wa nyavu kaufunga nani?"

Nestory aliitazama cheni. Jiwe likamponyoka, likaangukia mguu wake mwenyewe wala hakulisikia.

"Nilimwambia asikunje!" akalia. "Jana klipu ilichomoka, nikaifunga. Nikamwambia Otuoma, kaka, nenda na miguu chini, usikunje mpaka nipate cheni nyingine. Akacheka. Akasema watu wa Magu wanataka kuona miguu ikikunjwa. Nilipoona ameikunja... nilijua. Nifanye nini? Nilijua."

"Ukamsingizia bibi."

"Nilijua wataniua!"

Dorotea alimwona Okal akishusha pumzi mlangoni, akamwona mzee mmoja akilaza fimbo yake chini, naye akadhani kazi imekwisha. Pingu zilikuwa bado kiunoni mwake. Mkono wake ulikuwa bado juu, umeshika cheni.

Jiwe la kwanza lilimpata Nestory sikioni.

"Muuaji!"

"Alitaka tuue kikongwe bure!"

"Si yeye aliyetutuma?"

Dorotea akamrukia, akamfunika kwa mwili wake, akapiga filimbi mpaka koo likamwuma. Fimbo ikampiga mgongoni, nyingine mkononi, akasikia mfupa wa kidole ukivunjika. Wakamng'oa juu ya fundi kama mtu anavyoondoa mto, bila hata chuki, wakamweka kando. Okal akaingia na kipande chake cha rungu, akaangushwa. Mashimba alipuliza filimbi ya kuwasimamisha, mara tatu, panga lake kalitupa, na hakuna aliyemtazama. Watu wale wale waliokuja kwa ajili ya bibi walikuwa na silaha mikononi na jua bado liko juu. Nestory aliita mama yake kwa Kisukuma. Aliita mara mbili. Panga likampata mara ya kwanza, na baada ya hapo hapakuwa na wa kuita.

Kisha wakaondoka. Hawakukimbia. Wakaondoka wawili wawili, wanaangalia chini, mmoja akijifuta panga kwenye majani ya mhogo.

Mlango ukafunguka. Bibi Suzana akatoka, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa damu, akapita katikati ya Okal aliyekaa chini na Dorotea aliyepiga magoti. Akamwinamia fundi. Akamtazama usoni kwa muda, karibu sana, kama anayetafuta kitu kwa macho yake mabovu.

"Na huyu naye," akauliza, "macho yake yalikuwa mekundu?"



*

Mkubwa wa kituo alitaka ripoti ya ukurasa mmoja, akaipata, maiti nne badala ya tatu. Dorotea akachukua karatasi nyingine, akaiandika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia ulikuwa na bandeji, akaenda Igoma akaibandika kwenye mlango wa karakana uliofungwa kufuli. Iliandikwa hivi:

MAMBO YA KUEPUKA

Usitumie klipu ya baiskeli kwenye cheni inayokwenda mbele na kurudi nyuma.

Usifunge kwa uzi kitu kitakachobeba roho ya mtu.

Usijaribu miguu ya ndege mara moja ukasema imepona. Ikalishe juu, ikunje na uikunjue mara ishirini. Ikikataa mara moja, imekataa.

Ukijua kasoro usimnong'oneze rubani. Zima injini, kaa na ufunguo.

Usiingie uwanjani ndege inaposhuka. Usimruhusu mtoto wako.

Usiseme "watu wanasema." Taja mtu, taja saa.

Usihesabu macho ya kikongwe kuwa ushahidi.

Usiitikie mwano kwa panga.

Usimtaje mwenye kosa mbele ya watu wenye mapanga, hata kama unayo hakika, hata kama umeishika mkononi. Mtie pingu kwanza, mwingize garini, funga mlango, ondoka. Ndipo useme.